Hita Isiyomwona Mama

Makete, tarehe 9 Julai 2081. Asubuhi hii umande umeganda juu ya majani.

Kwa sheria, hita ya umeme huwaka pale tu jicho lake linapoona mtu anasogea. Karakanani na madarasani linafaa, ndivyo tulivyofundishwa katika masomo ya jioni ya ufundi umeme. Nyumbani nikafunga hilohilo bila kufikiri. Leo wanajumuiya walipokuja kusali, tulimkuta mama amepiga magoti, mikono yake baridi kama chuma.

"Fundi wangu," akanitania, "ukitulia mbele za Mungu, hita yako inakuhesabu marehemu!"

Tulicheka, na hita ikawaka.

Nikasimama. "Mama, hawa ni mashahidi. Leo nafunga swichi ya mkono, ingawa sheria inakataza. Wakaguzi wakija, watanikuta mimi mlangoni."