Sauti ya Nyaboke

Sheria ilikuwa wazi: mwimbaji mkongwe akitaka kufanya ziara ya mwisho na bendi yake, ziara ikiisha sauti yake humwendea msanii aliyemtangulia jukwaani. Nyaboke, aliyeimba roki mjini Nakuru tangu usichana wake, alikaa sebuleni na mumewe Ombati wakiwasikiliza mabinti walioitaka nafasi hiyo.

"Huyu wa Mombasa ana moto," alisema Nyaboke.

"Mombasa ni mbali, mama watoto. Nitakusikia wapi tena?"

Basi kwa ajili ya mumewe akamchagua Sarange, binti wa mtaa wa pili. Ziara ikapita kama ndoto ya alfajiri: taa, moshi wa jukwaani, umati ukiimba naye hadi wimbo wa mwisho, kisha kimya laini kikamshuka kooni kama usingizi.

Jumapili moja alikuwa jikoni akimenya ndizi, mlangoni ikasikika sauti yake mwenyewe, "Hodi wenyewe!" Ombati akainuka sebuleni, uso umemchangamka kama bwana arusi.

"Karibu, mke wangu! Mbona umechelewa?"

Nyaboke akafungua kinywa kumwita, kisitoke kitu. Ombati hakugeuka, alikuwa ameshaufungua mlango.