Wa Mwisho Kuchanjwa

Kwa jina la Mola aliyeshusha maradhi akashusha na dawa zake. Tumtaje kwanza Bi Asilia, mjumbe wa Baraza la Chanjo; kisha Salha, mkaza mwanawe; kisha Nuhu, mjukuu wa miezi saba.

Katika nchi ile haikuingia chanjo mpya mpaka Baraza lipime ushahidi uliokusanywa humo humo nchini. Na ili asipatikane mjumbe wa kuamua kwa kupendelea walio wake, watu wa nyumba yake walichanjwa mwisho kabisa. Bi Asilia aliusoma ushahidi wa chanjo ya homa ya watoto, akaridhika, akainua mkono kuikubali. Sasa watoto wa mtaa mzima walikuwa wakirudi kutoka zahanati wakilia, na Salha amesimama mlangoni.

"Mama, hata kuku wa jirani yetu Bi Tatu wamechanjwa. Mwanangu je?"

"Zamu yetu yaja."

"Jiuzulu leo, achanjwe kesho!"

"Nikijiuzulu kwa ajili yake, mwanangu, nani ataamini kuwa niliinua mkono kwa ushahidi?"

"Basi mweleze mwenyewe," Salha akasema, akampakatisha mtoto.

Kila hoja aliyoitoa barazani ilikuwa ingali kweli, na Bi Asilia hakuona hata moja ya kumnong'oneza Nuhu. Akamgusa paji la uso. Lilikuwa na joto. Mtoto alitoka juani, huenda ni jua tu. Akauacha mkono pale pale, akingoja lipoe.

Ewe Mola, wahifadhi waliokwisha kukingwa, na uwatazame kwa huruma waliosalia wakingoja zamu. Amina.