Barua za Fundi Lucien

Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, hakuwa na simu wala mtu wa kumpigia. Alichokuwa nacho yule mzee wa Igogo ni Kifaransa alichojifunza kwenye masomo ya jioni, na sanduku la posta ambalo nusu ya mtaa walilitumia kupokelea barua zao.

Kila baada ya miezi mitatu ilifika barua kutoka Ufaransa. "Rafiki yangu Otuoma," ndivyo ilivyoanza sikuzote. Chini ilitiwa sahihi ya Lucien, fundi wa kampuni ya ndege za kukodi. Mwaka 1996 ndege yao ilikuja kubeba minofu ya sangara, ikaharibika, na Lucien akakaa Mwanza siku tisa akila ugali na wapakiaji mizigo wa uwanjani.

Kwa barua hizo mzee aliijua kampuni ile kama watu wanavyojua ukoo wao. Ilianza na ndege mbili kuukuu. Zikawa tano, kisha kumi na tisa, zikipeleka watalii visiwani na mahujaji Maka. Naye alijibu habari za mvua, za ziwa, na za magugu maji yaliyozuia kivuko cha Kamanga.

Juzi Rozina wa posta alimkabidhi bahasha nyembamba. Akaisoma palepale kaunta, mara mbili. Kampuni ilikuwa imeungana na nyingine kubwa zaidi. Jina lingefutwa, ofisi ingefungwa mwisho wa mwezi, na barua za anwani ile zisingepokelewa tena. Kisha mwandishi akakiri kwamba Lucien alifariki mwaka 2004. Yeye ni Odile, karani wa barua. Alianza kujibu kwa huruma, akaendelea kwa upweke. Aliandika anwani ya nyumbani kwake, iwapo Otuoma angeweza kumsamehe.

Mzee alimsimulia Rozina. Rozina akakunja uso.

"Miaka yote hiyo, babu? Mimi nisingemjibu huyo."

"Nisipomjibu yeye, nitamwandikia nani?"

Alikaa kwenye benchi mpaka posta ikakaribia kufungwa. Karatasi mbili alizichana. Ya tatu ilikuwa fupi.

"Dada Odile, sina cha kukusamehe. Otuoma hakujua kusoma, mimi nilikuwa nikimsomea na kumwandikia. Tulimzika mwaka 2003. Jina langu ni Nathaniel."

Akalamba gundi, akaifunga bahasha, akampa Rozina aigonge muhuri.