Jaketi Kavu

Jaketi la kumi na mbili lilikuwa kavu.

Mwongoza wageni alilibonyeza kwa mikono miwili kama anayekamua nguo. Halikutoa hata tone. Mengine kumi na moja yalikuwa yakichuruzika maji kwenye kamba, nyuma ya hoteli.

Kule kwenye visiwa vya hifadhi hakuhesabu vichwa. Wageni wa wikendi hawatulii, kwa hiyo waongozaji wa hoteli ile walizoea kuhesabu majaketi ya kuokolea maisha. Yakitimia kumi na mawili botini, wanang'oa nanga. Leo yalitimia. Hili, sasa alikumbuka, alilikuta chini ya benchi la boti.

"Kaka, mume wangu mmemficha wapi?"

Mwanamke wa chumba namba sita alisimama nyuma yake, taulo begani, akicheka. Asubuhi kichwa kilimuuma, akabaki chumbani. "Au kasa wamempa uraia? Yule akiona maji, anasahau kama ana mke."

"Anaogelea vizuri, dada?"

"Weee! Anajitapa kuliko samaki. Jaketi hataki hata kuliona."

Mwongoza wageni alitazama baharini. Maji yalikuwa yameshapanda ngazi ya tatu ya hoteli. Yakifika hapo, fungu la mchanga la kule visiwani, wageni walikokuwa wakiogelea, huwa limefunikwa lote.

Uongo ulimjia upesi: yuko bafuni, amepitia jikoni, anakuja. Mwanamke bado alikuwa akitabasamu, akisubiri utani mwingine.

"Dada," alisema, "nimemwacha."