Zamu ya Scola

Wanawake wanne wanaochangisha fedha za kituo cha yatima walikutana sebuleni kwa mwenzao, mjini Sumbawanga, wafundishane namna ya kumwomba mfadhili, kila mmoja akiigiza kwa zamu mtu mwenye shida. Zamu ya Scola ikafika.

Alikishika kikombe cha uji wa ulezi kwa mikono miwili. Maneno aliyokariri yakampotea, akasema asilowahi kumwambia yeyote.

"Mwanangu figo zake zimefeli. Amelazwa Mbeya. Nimeshauza hata shamba letu la kule Msanzi. Nisaidieni, jamani."

Uji wa moto ukamwagikia vidole, hakuusikia.

Wenzake wakapiga makofi. "Hapo sasa, dada! Mfadhili gani atakataa?"

Alitaka kuwaambia kwamba haigizi.

"Rudia," mwenye nyumba akasema, akimwelekezea simu. "Tukurekodi."

Scola akafuta machozi, akarudia.