Wimbo wa Murhula

"Rudia," Jeannine alisema, pini zimebanwa midomoni.

Marelize, nyota wa mchezo wa kuigiza, alirudia ubeti wa mwisho huku gauni lake jeusi likipunguzwa kiunoni. Hakujua neno hata moja la Kiswahili. Mchezo mzima ulikuwa kwa Kiafrikaans isipokuwa wimbo huo mmoja, na katika jumba lote lile la maonyesho, hapo Johannesburg, aliyeweza kumfundisha ni Jeannine, fundi wa mavazi kutoka Bukavu.

"Murhula wa Nabintu," Marelize aliimba, "njia imefungwa, usirudi tena."

Jeannine alijidunga tena pini kidoleni. Murhula alikuwa kaka yake. Nabintu alikuwa mama yao.

Mwandishi wa mchezo ni Joris, Mbelgiji anayezungumza Kiflemi, mshairi, mzee sasa. Alipenda kujigamba kwamba waigizaji wa Kiafrikaans wanamwelewa kuliko watu wa kwao, maana lugha hizo mbili ni mtu na binamu yake. Ujanani aliwahi kufundisha shule Bukavu. Siku ya msiba wa Murhula alikuja na kinasa sauti ndani ya koti. Mama Nabintu alidhani kijana wa watu amekuja kulia naye, akampa kiti.

Kwao wimbo ule humsindikiza maiti anapotolewa nyumbani. Akishaitwa kwa jina lake na la mama yake, amekwenda, na haitwi tena. Joris alimwita Murhula jukwaani Antwerp, kisha Amsterdam, kisha Cape Town, miaka nenda miaka rudi. Mama Nabintu alikufa akiuliza mwanawe atapumzika lini.

Jeannine alimwendea mzee kwa adabu, akamweleza yote kwa Kifaransa. "Toa jina tu, bwana Joris. Wimbo baki nao."

Mzee alimpigapiga begani kama mtu anayembembeleza mtoto. "Mama, maombolezo bila jina la mtu wa kweli ni ngonjera za shule. Hata asiyejua lugha huhisi kwamba pale ameitwa mtu. Lazima jina liwepo."

Kisha akauliza kama kuna chai.

Jeannine alichemka kwa hasira mpaka akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Jumapili alikwenda kusukwa kwa Victoire, shoga yake mwenye saluni mtaa wa Yeoville, akammwagia yote.

"Dada, umufundishe ule mzungu matusi," Victoire alisema. "Mzee atapiga makofi na hatajua kitu."

"Hapana. Itaimbwa vile mama aliimba."

"Eish. Basi umemusamehe?"

Jeannine aliinamisha kichwa asukwe kisogo. Victoire alisonya, akaendelea kuvuta nywele kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Tangu hapo Jeannine akawa mpole hata wenzake wakashangaa. Alimpelekea mzee chai ya tangawizi kila mapumziko ya mazoezi. Alimshonea kifungo cha koti kilichokuwa kikining'inia. Alikaa akasikiliza hadithi zake za utotoni, na alipomuuliza habari za mama yake, mzee aliufurahia mno moyo huo wa Kiafrika, kama alivyouita. Alieleza kwa kirefu. Mama aliitwa Godelieve, aliuza kamba wa baharini, alikuwa na ulimi mkali.

"Bwana Joris, nina ndugu wengi hapa mjini," Jeannine alisema. "Wangependa kuja siku ya kwanza."

Mzee alimpa safu mbili nzima za nyuma. Alisema ni heshima kwake wimbo usikilizwe na wenyewe.

Asubuhi ya siku hiyo Jeannine alijifungia na Marelize chumba cha mavazi kwa zoezi la mwisho. Alitoka akiwa mtulivu, na ile chai alipeleka kama kawaida.

Onyesho lilikuwa alasiri ya Jumamosi. Ndugu walijaa, wanawake wamejifunga vitenge viunoni. Mzee alikaa mbele na mkewe. Wimbo ulipoanza, kule nyuma waliitikia, kisha wakaanza kulia, kilio cha kweli cha watu wazima, mpaka watazamaji wengine wakageuza shingo. Marelize hakukosea hata silabi. Ubeti wa mwisho ulipofika mzee alishtuka, halafu akatabasamu, machozi yakimlengalenga. Alimnong'oneza mkewe kwamba katika maisha yake yote hajawahi kupewa heshima kama ile.

Baada ya mchezo alisimama naye ukumbini kupokea pongezi. Watu wa Bukavu walipanga foleni bila kuambiwa. Kila mmoja alimshika mke wa mzee mkono kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema neno moja kwa sauti ya chini, akapita. Mzee aliunyoosha mkono wake, akaurudisha, akaunyoosha tena. Walimpita kama pale pana hewa tupu. Mkewe aliendelea kuitikia kwa tabasamu, kwa kuwa hakuelewa neno lile.

Jeannine alikuwa wa mwisho. Yeye alizungumza Kifaransa, ili aeleweke.

"Pole kwa msiba, mama," alimwambia. "Joris wa Godelieve tumeshamsindikiza."