Kishikizo cha Mtandio

Ng'ambo ya mto uliobomoa daraja, mzazi aliyetoka kujifungua alikuwa akivuja damu. Sikudhani, fundi wa droni, alifunga GPS mpya juu ya mlingoti mrefu mgongoni mwa droni, ili dira yake ikae mbali na nyaya za betri zinazoipotosha. Akaijaribu, ikaonyesha kaskazini barabara.

"Fanya hima, dada!" nesi Makame alimhimiza, akipakia mifuko ya damu.

"Dira ikikosea, Makame, tutawanywesha mamba damu hii."

Akaiinamia droni, mtandio ukigusa mlingoti, akainong'onezea bismillahi kama desturi yake, kisha akairusha. Upepo wa mapangaboi ukamfumua mtandio. Akapapasa chini ya kidevu, akitafuta kishikizo chake cha sumaku, vipande viwili ving'ang'anianavyo.

Kilikuwapo kimoja tu.

Juu ya maji, droni ikaanza kuzunguka, kama iliyopotewa na kaskazini.